Neno "ili" lilivyonipeleka sapu ya fisiolojia

Matokeo ya testi ya kwanza ya fisiolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya idara. Karatasi nne, majina hakuna, namba za usajili tu. Niliitafuta yangu kwa kidole kuanzia juu, na kujiamini kote kwa mtu aliyetoka kidato cha sita na A ya Baiolojia. Nilipoifikia, kidole kikateleza kulia: 31. Nikarudia kuisoma namba, labda ni ya mtu mwingine. Kaka mmoja nyuma yangu alikuwa anasukuma aone ya kwake. "Dada, ukishaona sogea." Nikasogea.

Sasa niko mwaka wa tatu, shahada ya uuguzi, chuo kimoja hapa Dar es Salaam ambacho sitakitaja. Kila Novemba nawaona wa mwaka wa kwanza wakipita na madaftari yaliyojaa rangi za kalamu kama yangu ya wakati ule, na karibu nijue nani atanifuata kule nilikopita. Wachache wakinisoma hapa wakaokoa Agosti yao isiliwe na sapu, yaani mtihani wa marudio wa waliofeli, nitafurahi.

Tatizo langu halikuwa uvivu. Nilikuwa naamka saa kumi usiku na kumeza. Kidato cha sita kumeza kulinilipa, maana maswali mengi yalikuwa ya "taja" na "orodhesha". Hata mwaka wa kwanza wa chuo, anatomia iliendelea kunilipa: mifupa 206, neva za fuvu jozi 12, unatunga wimbo wako unaimba bafuni, mtihani unapita. Nikaichukulia fisiolojia hivyohivyo. Seli ya neva ikiwa imetulia ina milivolti −70. Pampu inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2. Figo zote mbili zinachuja mililita 125 kwa dakika. Zote nilizijua. Nilikuwa kama mtu aliyekariri nauli za daladala zote za Dar es Salaam bila kujua gari lipi linakwenda wapi.

Swali lililoniumbua kwenye testi ile nalikumbuka neno kwa neno. Mtu mwenye afya anapumua harakaharaka kwa makusudi kwa dakika mbili. Eleza mabadiliko katika damu yake. Nikaandika ukurasa mzima kwamba oksijeni inapanda sana, kwa kuwa mwili unahitaji oksijeni na ndiyo maana tunapumua. Nikapata sifuri. Hemoglobini ya mtu mzima wa afya, akiwa amekaa tu, tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 97 au 98. Umpumulishe utakavyo, nafasi ya kuongeza ni ndogo mno. Kinachobadilika kweli ni kabonidioksidi: inatolewa kuliko inavyotengenezwa, inashuka, na damu inapungua asidi. Namba ya asilimia 97 nilikuwa nayo kichwani wakati naandika upuuzi ule. Haikuwahi kunijia kwamba inahusika.

Badala ya kubadilisha njia, nikaongeza bidii katika njia ileile. Hapo ndipo yakaja madesa.

Kwa asiyejua, desa ni notsi za waliotangulia, zimefupishwa, zinarithishwa kwa WhatsApp au kwa kutoa kopi stationery pale getini. Letu la homoni lilikuwa kurasa 14, limeandikwa na kaka ambaye wakati huo alikuwa ameshamaliza chuo. Mahali pa aldosteroni alikuwa amechora mshale wa juu kwenye sodiamu na mshale wa juu kwenye potasiamu. Nadhani kalamu ilimteleza tu, maana aldosteroni huifanya figo ibakize sodiamu na kuitupa potasiamu. Testi ya pili ikauliza mgonjwa mwenye uvimbe unaotoa aldosteroni nyingi, potasiamu yake itakuwaje. Kundi letu la watu tisa, sote tuliandika itapanda. Tulikosea sawasawa mpaka msahihishaji akadhani tumeangaliziana, akatuita. Hatukuangaliziana. Tulikuwa tumekosa hatua moja tu ya kujiuliza: huo mshale unatokeaje? Angejiuliza mmoja, desa lingeangukia palepale mezani, kwa sababu seli zile za figo zinachukua sodiamu kutoka kwenye mkojo na potasiamu inatokea upande huohuo kwenda nje.

Sisemi usisome madesa. Bando ni ghali na vitabu ni vizito. Ninachosema, desa ni la kukukumbusha ulichokwisha kuelewa, na kila mshale uliomo uuhoji kama unavyohoji chenji ya konda.

Julai ukaja mtihani wa mwisho. Kwetu testi zinabeba 40 na UE, yaani mtihani huo wa mwisho, inabeba 60, pasi ni 50. Nikapata jumla 46. Sapu.

Niseme na gharama, kwa sababu watu wakisimulia sapu huwa wanaziruka. Bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, linaishia Julai, sapu ni Septemba. Hosteli inafungwa. Mama yangu anauza mchele Kahama. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula cha njiani ingekula pesa ya mwezi, nikaona bora nibaki kwa mama mdogo Mbagala. Nyumbani nikadanganya kwamba tuna mafunzo ya vitendo. Mama akafurahi, akanitumia 60,000 na kuwaambia majirani mwanawe ameshaanza kushika wagonjwa. Zile 60,000 sikuweza kuzila kwa amani. Ukijumlisha usafiri wa kwenda maktaba, bando, kopi na kuchangia umeme kwa mama mdogo, wiki zile saba zilikula kama laki mbili na nusu, na kati ya hizo karibu laki nilikopa kwa rafiki yangu wa chumba. Lakini lililoniuma kuliko pesa ni ule uongo. Nilipokuja kumwambia mama ukweli, baada ya sapu, alinyamaza kidogo kwenye simu akasema, "Sasa mbona ulikuwa unalia peke yako?" Ukipata sapu, sema nyumbani.

Wiki ya kwanza ya Agosti nilikwenda kumwona mhadhiri msaidizi aliyekuwa akituendeshea semina. Nilitaka anipe maeneo, yaani mada zitakazotoka. Hakunipa. Alinisimamisha mbele ya ubao kwenye chumba kitupu cha semina, akasema, "Mtu amelala, ameinuka ghafla. Nieleze moyo wake unafanya nini. Kwa Kiswahili." Kwa Kiswahili! Nikaona ananionea huruma. Nikaanza: moyo unaongeza mapigo ili damu ifike kwenye ubongo, mishipa inabana ili presha isishuke, mwili unatoa adrenalini ili… Kila nilipofika mahali fulani alikuwa anachora mstari mfupi ubaoni, kama mtu anayehesabu kura. Nilipomaliza mistari ilikuwa tisa.

"Umesema 'ili' mara tisa," akasema. "Moyo una kichwa? Unajua ubongo uko wapi? Anza upya, na ukisema 'ili' tunaanza tena."

Ilinichukua zaidi ya nusu saa. Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu inatuama kwenye vena za miguuni kwa uzito wake tu. Inayorudi moyoni inapungua, moyo haukujaa vizuri, kwa hiyo pigo moja linatoa damu kidogo, presha inashuka. Ukuta wa ateri kubwa ya shingoni, uliokuwa umevutika, sasa unalegea kidogo. Pale ukutani pana miisho ya neva inayopeleka taarifa kulingana na mvutano: mvutano ukipungua, taarifa zinapungua. Sehemu ya chini ya ubongo ilikuwa inatulizwa na taarifa zile. Zilipopungua, breki imeachiwa. Neva za simpathetiki zinaongeza kazi, moyo unakwenda mbio, mishipa midogo inabana. Katika mnyororo wote huo hakuna mahali mwili ulipokaa kikao ukaamua kitu.

Nilipofika mwisho nilikuwa natoka jasho, na kwa mara ya kwanza nilijua kitu cha fisiolojia bila kukikariri. Tena nikaona faida nyingine papo hapo: nikiulizwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia simpathetiki akisimama atakuwaje, ninaweza kujibu bila kusoma popote. Ninakata kamba pale kwenye simpathetiki na kuangalia nini kinaanguka. Ataona kizunguzungu, labda aanguke. Kwa "ili" swali lile halijibiki, kwa sababu "ili" inakuambia kitu kinasaidia nini na kukuacha hujui kinatokeaje. Unatosheka mapema. Ndio ubaya wake.

Kuhusu Kiswahili kuna jambo la ziada. Sisi wengi tulisoma msingi kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza tukahamishiwa Kiingereza, na tangu hapo kichwa kina vyumba viwili visivyo na mlango katikati. Kiingereza cha darasani nilikielewa kama sala ya lugha ngeni: unaitikia mahali pake. Nilipoanza kujieleza kwa Kiswahili, matundu yote yakaonekana. Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Chukua neno mshipa. Ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva watu huiita mshipa, kano ya mguu ikivutika ni mshipa, na mzee akisema ana ugonjwa wa mshipa anazungumzia jambo jingine kabisa la chini ya kitovu. Ilibidi nijiwekee sheria: nikisema mshipa nitaje upi. Na presha! Mtaani presha ni ugonjwa. Darasani kila kitu kina presha: damu, hewa kwenye mapafu, maji kwenye kapilari. Nusu ya mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia neno hilo, akili inakimbilia kwa bibi yangu na vidonge vyake.

Presha hasa nilifundishwa na fundi bomba. Nyumba ya mama mdogo ina simtanki juu ya mnara, na maji ya bafuni yalikuwa yanatoka kama machozi. Mzee akaja, akatazama, akasema aliyejenga ameweka bomba jembamba mno kutoka tangini. "Tangi halina kosa. Hata uliinue mpaka mbinguni, bomba hili litakunyima." Nikakumbuka: mtiririko ni tofauti ya presha ukigawa kwa ukinzani, na ukinzani unapanda nusu kipenyo kikipungua, tena kwa kipeo cha nne. Kanuni hiyo ina jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, Poiseuille. Maana yake, mshipa mdogo wa damu ukibana hadi nusu ya upana wake, damu inayopita haibaki nusu, inabaki moja ya kumi na sita. Ndiyo sababu mwili unaongoza damu kwa kubana na kulegeza ateri ndogo kabisa, mabadiliko madogo yanatosha. Tuliosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, tulidhani Fizikia tumeiacha getini. Haijaachwa. Kama una mdogo wako anakwenda kusoma afya, mwambie asichome madaftari ya Fizikia.

Baada ya siku ile ya fundi nilianza kusoma kwa vitu vinavyoonekana. Figo zinachuja lita 180 kwa siku: nikahesabu madumu ya lita 20, ni tisa. Nikayapanga uani kwa macho. Katika madumu tisa hayo, kinachotoka kama mkojo ni kama chupa moja kubwa ya maji ya dukani. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo ni kurudisha, na ukiharibu kidogo tu hapo kwenye kurudisha, mtu anakojoa ndoo. Kisukari cha mkojo mwingi, dawa za kukojosha, vyote vikakaa mahali pake jioni moja.

Nilikuwa nachukua karatasi tupu, daftari limefungwa, ninaandika tukio moja juu (amepoteza lita moja ya damu, amekunywa maji lita mbili, amepanda Kilimanjaro) kisha ninashuka kwa mishale, kila mshale una alama ya kuongeza au kupunguza, na juu yake maneno machache ya "kwa njia gani". Nikikwama ndipo nafungua kitabu, tena pale nilipokwama tu. Mwanzoni karatasi moja ilikula saa mbili na nilihisi nachelewa, maana wenzangu walikuwa wanasema wamemaliza sura tano. Wiki ya tatu karatasi ilichukua dakika ishirini. Usiku namfundisha binamu yangu wa kidato cha pili. Yule mtoto alikuwa na "kwa nini?" isiyoisha, na hakujali heshima yangu ya chuo kikuu. Mitihani ya miaka ya nyuma nikaiweka mpaka wiki mbili za mwisho. Ukiianza mapema unakariri majibu na kudhani umeiva.

Na vitendo. Darasa letu lilikuwa la watu zaidi ya mia mbili, mashine za kupimia presha nane, mbili mbovu. Mwaka wa kwanza wote nilishika mashine mara moja, nikasema nimesikia, sikuwa nimesikia kitu. Agosti hiyo nikaazima ya mkono kwa dada mmoja wa mwaka wa nne, nikawa nampima kila anayeingia uani. Unajaza kitambaa mpaka mapigo ya mkononi yanapotea, unaachia hewa taratibu, kimya, kimya, halafu tap. Tap ya kwanza niliyoisikia kweli ilikuwa ya mama mdogo, 148. Miezi yote nilidhani ile ni sauti ya moyo. Siyo. Ateri iliyo wazi haina kelele. Inayolia ni damu inayojipenyeza kwenye ateri iliyobanwa nusu, na kitambaa kikilegea kabisa kelele inakoma. Korotkoff, daktari Mrusi, alizieleza sauti hizo mwaka 1905, mimi nilizijua Mbagala nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Chuo kikiwa na vifaa vichache, azima, pima watu wa nyumbani, na ukiona namba kama ile wapeleke kituo cha afya. Mama mdogo sasa yuko kwenye dawa.

Asubuhi ya sapu nilikuwa kwenye korido saa moja na nusu. Moyo unanienda mbio, nahema, na ghafla vidole vikaanza kufa ganzi, midomo nayo inawasha. Nikadhani nazimia. Halafu nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia: ni lile swali la sifuri. Nimehema sana, kabonidioksidi imeshuka, damu imepungua asidi, protini za damu zimekamata kalsiamu zaidi, ile iliyobaki huru imepungua, neva zimekuwa nyepesi kujiwasha zenyewe. Nikafunga mdomo, nikapumua polepole kwa pua. Vidole vikarudi kabla hatujaitwa ndani. Nilipata 61, ikaandikwa C, kwa sababu kwetu sapu haiandikwi zaidi ya C hata uandike nini. Wawili katika lile kundi letu la tisa walidisko, yaani waliondolewa chuo.

Mwaka wa pili tulipelekwa wodi ya watoto. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miezi kumi na moja aliyeharisha siku tatu, macho yameingia ndani. Pembeni ana chupa ya maji ya nusu lita, ameshachanganya ORS humo.

"Mama, paketi nzima umeweka humu?"

"Nzima nesi. Nilitaka ikolee, apone haraka."

Nikamwomba tuimwage. Nikamwonyesha kwenye paketi yenyewe palipoandikwa lita moja, tukapima pamoja kwa chupa yake, mara mbili. Nikamweleza kwamba ikikolea sana inayavuta maji ya mtoto yaingie tumboni, ataharisha zaidi. Akauliza swali ambalo mwaka mmoja nyuma nisingelijibu: "Sasa sukari ya nini humu? Chumvi naelewa, sukari si ndiyo inaharisha?"

Nikamwambia ukuta wa utumbo una milango mingi, na kuhara kumevuruga mingine, lakini upo mmoja bado mzima. Mlango huo hauipitishi chumvi peke yake, unaipitisha ikiwa imeshikana mkono na sukari. Zikishaingia zote mbili, maji yanazifuata yenyewe. Akatikisa kichwa, akaanza kumnywesha kwa kijiko, kidogokidogo.

Nilipokuwa naandika kwenye faili nikamsikia anamweleza mama wa kitanda cha pili, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akilijua jambo hilo: "Wameweka sukari ili chumvi ipate mwenzake wa kuingia naye." Kalamu ikasimama. Ili. Lakini safari hii ilikuwa halali, maana ile paketi imetengenezwa na watu, na watu wana kichwa. Nikamalizia faili, nikaenda kuhesabu matone ya dripu kitanda cha nne.